UMRI HAUNGOJI LIKIZO
Akiba ya mayai ya mwanamke, na matumaini ya matibabu kwa askari asiyejaliwa mtoto bado

Asimamaye juu ya kilima cha Arua wakati wa jioni huuona mji wote chini yake: mapaa ya bati, moshi wa majiko, na barabara iendayo kaskazini hadi Koboko, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakaribiana. Husemwa ya kwamba jina Arua latokana na neno la Kilugbara lenye maana ya kifungo, kwa kuwa hapa palikuwa na gereza tangu zamani za ukoloni. Nchi hii ya West Nile imetoa askari tangu siku za King's African Rifles, na Kiswahili kikapata makao yake huku katika kambi za askari hao, kikawa lugha ya gwaride na ya zamu za usiku.

Katika kambi hizo, na katika nyumba za polisi vilevile, kuna swali moja liulizwalo kwa sauti ya chini. Mtu na mkewe wamekaa miaka kadhaa katika ndoa na hawajajaliwa mtoto. Ukoo wa mume umeanza kunong'ona. Mama mkwe haulizi tena habari za kazi ya mwanawe. Huuliza habari za tumbo la mkamwana. Ndipo mume husema moyoni: "Nikimaliza misheni hii nitakuwa na fedha za kutosha. Tutakwenda Kampala, na daktari atatusaidia."

Sisi hatumlaumu mtu huyo, wala hatumkatishi tamaa. Neno lake lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Udaktari wa leo waweza kuipita mirija iliyoziba, na waweza kuisaidia mbegu ya mume iliyo dhaifu. Jambo moja haujaliweza hata sasa, nalo ni kuyarudisha mayai ya mwanamke yaliyokwisha, au kuyafanya yaliyozeeka kuwa machanga tena. Fedha ya askari huongezeka kwa kungoja. Mayai ya mkewe hupungua kwa kungoja. Hilo ndilo tulilokusudia kulieleza leo, ili kila mmoja aipange safari yake akiwa na hesabu kamili mkononi.

GHALA LISILOPOKEA MAVUNO MAPYA

Mwanamume hutengeneza mbegu zake upya kila siku, tangu balehe hata uzeeni. Kundi moja la mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu hadi likomae, na kundi jingine huwa tayari liko nyuma yake. Mwanamke hakuumbwa hivyo. Mayai yake yote yaliwekwa ndani ya ovari zake mbili wakati yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake.

Hesabu yake ni ya kustaajabisha. Kijusi cha kike cha miezi mitano huwa na mayai kama milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa yamebaki kati ya milioni 1 na milioni 2. Msichana anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000. Kati ya hayo yote, yatakayokomaa na kutoka katika ovari kwa muda wa maisha yake ni kama 400 au 500 tu. Mengine yote hunyauka kimyakimya. Kila mwezi kundi la mayai huanza safari ya kukomaa, moja hutangulia na kutoka, na wenzake hufa njiani.

Kila mkulima wa Koboko au Maracha analijua ghala la mbegu. Sasa na tufikiri juu ya mkulima aliyepewa ghala lililojaa siku aliyozaliwa, akaambiwa ya kwamba hakuna mavuno mengine yatakayoingia humo milele. Kila mwezi atatoa kiasi, apande asipande. Hata akisafiri, hata akiugua, ghala litapungua. Ndivyo ilivyo akiba ya mayai. Mimba haiisimamishi akiba hiyo isipungue, na kunyonyesha vilevile. Vidonge vya kupanga uzazi haviimalizi, kama wengine wanavyoogopa, wala haviihifadhi, kama wengine wanavyotumaini.

Mwanamke afikapo miaka 37 au hivi, madaktari hukadiria ya kwamba yamebaki kama mayai 25,000. Tangu umri huo kupungua kwake huenda kwa kasi zaidi. Hedhi ikomapo, ambayo kwa wengi huwa karibu na miaka 50, yamebaki kama 1,000 tu, nayo hayawezi kazi. Hatusemi kwamba wanawake wote wako sawa. Wako ambao ghala lao hupungua mapema: waliofanyiwa upasuaji wa ovari, waliotibiwa saratani kwa dawa kali au mionzi, wale ambao mama zao au dada zao walikoma hedhi mapema, na wavutao sigara, ambao hukoma hedhi kama mwaka mmoja au miwili kabla ya wenzao.

WINGI NI KITU KIMOJA, UZIMA NI KINGINE

Watu wengi huyachanganya mambo mawili ambayo yapasa yatengwe. La kwanza ni wingi wa mayai yaliyobaki, na hilo ndilo madaktari waliitalo akiba ya ovari. La pili ni uzima wa kila yai. Wingi hupimwa kwa vipimo. Uzima wa mayai huonyeshwa zaidi na umri wa mwenyewe.

Ndani ya kila chembe ya mwili wa binadamu mna kromosomu 46, ambazo hubeba urithi wetu kutoka kwa wazazi. Yai linapojiandaa kutungwa hulazimika kuzigawa, libaki na 23 tu, ili mbegu ya mume ilete 23 nyingine. Yai la msichana wa miaka 25 limengoja miaka 25 kabla ya kuifanya kazi hiyo. Yai la mama wa miaka 42 limengoja miaka 42, na vyombo vyake vya kugawia vimechakaa. Hivyo basi makosa huzidi, na mwanamke apitapo miaka 40 mayai mengi yatokayo huwa na hesabu isiyo sawa.

Matokeo yake ni matatu. Pengine mimba haitungwi kabisa. Pengine hutungwa ikaharibika: uchunguzi mkubwa uliofanywa Norway ulionyesha kwamba mimba zilizoharibika zilikuwa kama 10 katika kila 100 kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29, bali kwa waliopita miaka 45 zilizidi nusu. Tatu, mtoto huweza kuzaliwa na hali iitwayo Down. Uwezekano huo ni kama mtoto 1 katika 1,250 mama akiwa na miaka 25, na kama 1 katika 100 akiwa na miaka 40. Watoto hao ni wetu na yatupasa kuwapenda. Tunayataja haya ili mtu aelewe tu kinachofanyika ndani ya yai.

Tuwalinganishe sasa wanawake wawili. Wa kwanza ana miaka 30, na vipimo vinaonyesha ya kwamba mayai yake ni machache. Wa pili ana miaka 42, na vipimo vinaonyesha kuwa ana mengi kupita wenzake wa rika lake. Wengi watadhani wa pili ana bahati zaidi. Sivyo. Yule wa miaka 30 ana mbegu chache ghalani, lakini nyingi zake ni nzima. Akiwahi, aweza kuvuna. Yule wa miaka 42 ana debe limejaa, lakini wadudu wameingia. Kwa ajili hiyo daktari mwema humwuliza mwanamke umri wake kabla ya kutazama karatasi yoyote ya maabara.

VIPIMO VINASEMA NINI

Vipimo vya akiba ya mayai vitumikavyo sana ni vitatu. Cha kwanza ni picha ya altrasaundi, ambayo daktari huitumia kuhesabu vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kuamka katika ovari zote mbili mwanzoni mwa mwezi wa mwanamke. Cha pili ni damu ya kupima homoni iitwayo AMH, itokayo katika vifuko hivyohivyo. Ikiwa nyingi, vifuko ni vingi, ikiwa chache, vifuko ni vichache. Cha tatu ni homoni ya FSH, ipimwayo siku ya pili hadi ya nne ya hedhi. Hiyo ni amri itokayo kichwani kwenda kwenye ovari. Ovari zikianza kuchoka, kichwa hulazimika kupaza sauti, na kiasi cha FSH hupanda.

Yatupasa kuonya hapa. Vipimo hivi humwambia daktari ni mayai mangapi atakayoweza kuyapata akimpa mwanamke sindano za kuziamsha ovari. Havisemi kama yai fulani ni zima. Wala havisemi ya kwamba mwanamke huyu hawezi kushika mimba kwa njia ya kawaida, kwa kuwa mimba ya kawaida huhitaji yai moja tu kwa mwezi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuata wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasiojulikana kuwa na shida ya uzazi, na wenye AMH chache walishika mimba sawasawa na wenzao. Hivyo basi mume asiitwae karatasi ya AMH akaifanya kuwa talaka. Karatasi hiyo ni ya kupangia matibabu. Haitoi hukumu.

YALE MATIBABU YAWEZAYO

Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Oldham, Uingereza, mtoto wa kike aitwaye Louise Brown, mtu wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Kazi hiyo ilifanywa na daktari Patrick Steptoe, mtaalamu Robert Edwards, na muuguzi Jean Purdy. Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Uganda nayo ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, katika hospitali ya Daktari Edward Tamale Sali iliyoko Bukoto, Kampala.

Njia yenyewe huenda hivi. Mwanamke hupigwa sindano za homoni kwa muda wa siku kumi hivi, ili mayai mengi ya mwezi ule yakomae pamoja badala ya moja tu. Daktari huyafuatilia kwa altrasaundi. Yakiwa tayari hupigwa sindano ya mwisho, na baada ya saa kama 36 mayai hutolewa kwa sindano ndefu nyembamba. Maabara huyakutanisha na mbegu za mume. Na tangu mwaka 1992, kwa ufundi ulioanzia Ubelgiji, hata mbegu moja tu yaweza kuingizwa ndani ya yai kwa sindano. Baada ya siku tatu hadi tano kiinitete huwekwa katika mji wa mimba, na watu wakangoja.

Msomaji na aangalie jambo moja: sindano hizo hazitengenezi yai jipya. Huyaokoa yale ya mwezi ule ambayo yangalikufa. Ikiwa vifuko vilivyoamka ni kumi na tano, daktari ataweza kupata mayai mengi. Ikiwa ni viwili, hata aongeze dawa maradufu, atapata mawili au hata moja, na gharama itabaki ileile.

Takwimu za Uingereza za mwaka 2019 zinaonyesha mambo wazi. Kwa wanawake waliotumia mayai yao wenyewe wakiwa chini ya miaka 35, viinitete kama 32 katika kila 100 vilivyowekwa vilizaa mtoto hai. Kwa wa miaka 35 hadi 37 vilikuwa kama 25. Kwa wa miaka 38 na 39 kama 19. Kwa wa miaka 40 hadi 42 kama 11. Na kwa waliotimiza miaka 43 na zaidi vilikuwa 5 au chini ya hapo. Hospitali ni zilezile, dawa ni zilezile, madaktari ni walewale. Kilichobadilika ni umri wa yai.

HABARI YA KAMPALA YA MWAKA 2023

Mtu atatujibu: "Mbona tulisikia mama wa miaka 70 amejifungua pacha huko Kampala?" Ni kweli. Tarehe 29 Novemba 2023, katika hospitali ileile ya Bukoto, mama wa umri huo alijifungua mtoto wa kiume na wa kike, na habari yake ikazunguka dunia. Lakini wengi walioisimulia vilabuni na masokoni waliliacha neno moja: mayai hayakuwa yake. Yalitolewa na mwanamke mwingine, yakakutanishwa na mbegu za mumewe.

Habari hiyo, tukiisoma vizuri, yathibitisha tulilolisema. Mji wa mimba hauchakai upesi kama yai. Ukisaidiwa kwa homoni waweza kubeba hata baada ya hedhi kukoma. Katika njia ya yai la kupewa, umri uhesabiwao zaidi ni wa yule aliyelitoa. Hata hivyo mwili wa mama mwenye umri mkubwa hupata hatari zaidi: shinikizo la damu, kisukari cha mimba, kuzaa kwa upasuaji, na watoto kuja kabla ya wakati.

Tena njia hiyo ina swali la dhamiri ambalo kila nyumba italijibu yenyewe. Kanisa Katoliki halikubali mimba itungwe nje ya mwili kwa namna yoyote. Wanazuoni wengi wa Kisunni huiruhusu ikiwa yai ni la mke na mbegu ni ya mume, katika ndoa iliyo hai, bali hukataa yai la mtu wa tatu. Basi kwa nyumba nyingi za West Nile, mayai ya mke mwenyewe ndiyo pekee watakayokubali kuyatumia. Hao ndio wapaswao zaidi kuuangalia umri.

KALENDA YA ASKARI

Tutwae mfano. Koplo wetu huyu si mtu fulani tumjuaye, lakini wengi watajiona ndani yake. Alioa akiwa na miaka 32, na mkewe 29. Mwaka wa kwanza alipelekwa Somalia, ambako Uganda imekuwa na majeshi tangu mwaka 2007. Aliporudi alipewa likizo, kisha akaitwa kozi. Baada ya kozi akahamishiwa Karamoja, na mke akabaki Arua. Miaka sita ikapita. Ndipo walipoingia kwa daktari.

"Mmekaa pamoja muda gani?" daktari akauliza.

"Miaka sita, daktari," akajibu koplo.

"Samahani, afande, miaka ya ndoa nimeisikia. Nataka miezi mliyolala nyumba moja."

Koplo akanyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu, huku ameinamisha macho: "Tukizijumlisha likizo zote, daktari, haifiki kumi na miwili."

Katika jibu hilo mna mambo mawili yaendayo njia mbali. La kwanza ni faraja. Madaktari hawasemi kuwa pana shida ya uzazi mpaka watu wawe wamekutana mara kwa mara bila kinga kwa muda wa miezi 12 pasipo mimba. Hata vijana wazima wa miaka 30 wana nafasi kama 20 tu katika 100 kila mwezi, na ni zile siku tano au sita zinazoishia siku ya yai kutoka. Likizo ya majuma mawili yaweza kuziangukia siku hizo, au yakazikosa kabisa. Huenda basi koplo na mkewe ni wazima wote wawili, na aliyeitwa tasa kijijini hana kosa lolote.

La pili ni onyo. Miezi ya kutengana haihesabiwi katika kutafuta mtoto, lakini huhesabiwa katika umri. Mke aliolewa akiwa na miaka 29. Sasa ana 35. Ghala halikungoja mume arudi. Na koplo akisema tena, "Nimalize misheni moja zaidi, kisha moja ya kujenga nyumba," mkewe atakuwa na miaka 38 au 39, na ile nafasi ya 32 katika 100 itakuwa imeshuka karibu nusu.

MWANAMUME NA AWE WA KWANZA KUPIMWA

Yako makosa ambayo hula miaka ya mwanamke bure, na kubwa kuliko yote ni mume kukataa kupimwa. Katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume huwa ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha manii ni chepesi na cha bei ndogo kuliko vyote: mtu hujizuia kwa siku mbili hadi saba, hutoa manii katika chupa safi, na mpimaji huyatazama kwa darubini. Hakina kisu wala maumivu. Hata hivyo wako wanaume waliowapeleka wake zao kwa madaktari watano na waganga kumi kabla ya kukubali jambo hilo la saa moja. Wengine huoa mke wa pili, wakaja kugundua ya kwamba shida waliihama nayo.

Askari na ajue pia ya kwamba nguvu za kiume si ushahidi wa mbegu nzima. Kisonono kisichotibiwa, mishipa iliyovimba katika korodani, matubwitubwi ya ukubwani, sigara na pombe nyingi huweza kuziharibu mbegu. Na wale wajichomao sindano za testosteroni ili wavimbe misuli, na waelewe kwamba dawa hiyo huuzima utengenezaji wa mbegu, pengine kwa miezi mingi.

Kosa la pili ni magonjwa ya zinaa yaletwayo nyumbani. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 ulionyesha ya kwamba katika Afrika maambukizo ndiyo chanzo kikubwa cha wanawake kukosa watoto, kwa kuwa huiziba mirija yao. Mume aliyetibiwa kisonono huko alikopelekwa, akamficha mkewe, amemwachia ugonjwa ule kuendelea. Akipatwa, na watibiwe wote wawili kwa siku zilezile.

Kosa la tatu ni miaka ipotezwayo katika mizizi, maji ya maombi ya kulipia, na vidonge vya kuamsha mayai vinunuliwavyo dukani bila kipimo. Mwanamke mwenye mirija iliyoziba aweza kumeza vidonge hivyo miaka mitatu, yai likatoka kila mwezi, na lisikutane na mbegu hata mara moja.

RATIBA TUNAYOISHAURI

Kwanza, mke akiwa chini ya miaka 35, na mkiwa mmekaa pamoja miezi 12 pasipo mimba, nendeni kwa daktari. Akiwa na miaka 35 na zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Akiwa na miaka 40, nendeni mara moja. Hedhi isiyo na utaratibu, upasuaji wa tumbo wa zamani, au ugonjwa wa zinaa uliopita ni sababu ya kwenda mapema katika umri wowote. Aliyekuwa akitumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na afahamu kwamba mimba yaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Naye ikiwa umri umesogea, na aihesabu miezi hiyo katika mipango yake.

Pili, nendeni wawili. Anzeni karibu: Arua ina hospitali kuu ya rufaa ya West Nile, na kutoka huko mtu huweza kupewa barua ya kwenda mbele, ikiwa ni pamoja na Hospitali Maalum ya Wanawake na Watoto Wachanga ya Mulago iliyofunguliwa mwaka 2018. Safari ya Kampala ni karibu kilomita 500. Haifai kuifanya mara tatu kwa vipimo ambavyo vingaliweza kukamilika hapa.

Tatu, mwenye misheni mbele yake na ayafanye mambo haya kabla ya kuondoka. Apime manii. Mke apimwe mirija na ovari. Ikiwa matokeo ni mazuri na mke ni kijana, mtu aweza kwenda kwa amani. Ikiwa akiba ya mayai ni ndogo au umri umesogea, na amweleze mkuu wake pamoja na daktari wa kikosi, aombe likizo ipangwe kwa majira ya matibabu. Hilo si jambo la aibu. Ni ripoti kama ripoti nyingine ya afya.

Nne, waulizeni madaktari maneno yaliyo wazi kabla ya kulipa mamilioni ya shilingi: "Kwa umri wa mke wangu na akiba yake, nafasi yetu ni ngapi katika 100? Ni mtoto aliyezaliwa hai mnayemhesabu, au kipimo cha mimba tu?" Daktari mwaminifu hatachukizwa na swali hilo. Atakayewaahidi kwa hakika, huyo ndiye wa kuogopwa.

NENO LA MWISHO

Hatuyaandiki haya ili wake waliotimiza miaka 40 wakate tamaa. Wako wanaozaa katika umri huo kila mwaka, hapa West Nile na kwingineko. Wala hatusemi kuwa nyumba isiyo na mtoto si nyumba. Watoto wa ndugu, yatima waliolelewa kwa upendo, na watu wawili waliotunzana hata uzeeni ni familia kamili mbele ya Mungu na mbele ya watu wenye busara. Mke aliyekaa peke yake Arua miaka sita, akilinda nyumba na shamba wakati mumewe akilinda mpaka, amekwisha kulitumikia taifa kwa miaka ya ujana wake, na miaka hiyo haitarudishwa na bunge wala hazina. Aliyemwacha akingoja asiwe wa kwanza kumwita tasa.

Askari hufundishwa ya kwamba doria iendayo kwa wakati huhitaji watu wachache, na iliyochelewa haiokolewi hata na kikosi kizima. Basi yeye asomaye haya akiwa na barua ya likizo mfukoni, na aitumie siku moja ya likizo hiyo kumchukua mkewe kwa mkono, wapande pamoja hadi hospitalini, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kutaja jina lake mezani.